Anayehara msimnyime kinywaji

Jamani hili naliandika tena maana kila mlipuko wa kipindupindu nalisikia: "msimpe maji, si unaona akinywa yanatoka yote." Ndugu wanamwondolea kikombe mtu anayekauka, tena kwa nia njema kabisa, na inaniuma sana.

Bakteria wa kipindupindu hatoboi utumbo. Anajishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba anamwaga sumu, hiyo sumu inazilazimisha seli zitoe kloraidi mfululizo, sodiamu (hizo mbili ndo chumvi) na maji vinafuata, mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Kwa hiyo mengi ya yale mnayoyaona kwenye ndoo, meupe kama maji ya kuoshea mchele, yametoka kwenye damu yake. Mkimnyima kinywaji yataendelea kutoka vilevile, tofauti ni kwamba hakuna kinachorudi.

Sasa nisikilizeni hapa. Sumu haigusi ile njia inayoingiza sodiamu pamoja na glukosi, yaani sukari, hiyo inafanya kazi kama kawaida, na vikiingia pamoja maji yanafuata. Ndo kazi ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Soda haiwezi, sukari yake ni nyingi mno inavuta maji yarudi utumboni, na maji matupu hayarudishi chumvi iliyopotea, ila kama ORS haijapatikana mpe hayo maji safi huku mnaitafuta. Pakiti changanya na kiasi kilichoandikwa, usikisie.

Na ORS haikati kuhara! Atahara tu, halafu mnasema dawa imeshindwa, hapana, angalieni kama anapata mkojo na macho hayajabonyea. Akitapika subiri dakika kumi, rudia kijiko kijiko. Dawa za kufunga tumbo achaneni nazo, antibayotiki inafupisha ugonjwa ila haichukui nafasi ya maji. Mwaka 1971 kule Bongaon, India, kwenye kambi ya wakimbizi kutoka Bangladesh, dripu zilikuwa zinaisha, Dkt. Dilip Mahalanabis akawapa wagonjwa mchanganyiko wa kunywa na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Aliyelegea hawezi kunywa ni dripu, haraka. Ila kile kipimo chetu cha kubana ngozi ya tumbo, kwamba ikirudi polepole basi mtu amekauka, mimi sikiamini sana, ngozi ya mzee au mtoto mwenye utapiamlo inarudi polepole hata kama maji yanamtosha, na mtoto mnene anaweza kukauka ngozi ikarudi vizuri tu. Mimi nashika mapigo kwanza.