"Alikuja mwenyewe": hii kauli nimeichoka

Wiki iliyopita tena. Mkulima mmoja wa tumbaku kutoka upande wa Urambo kakaa mbele ya meza yangu kwa ajili ya mtoto aliyemfanyisha kazi shambani, anasema "mama ustawi, sasa kosa langu nini, dogo alikuja mwenyewe, na baba yake kule Kasulu, Kigoma, nilimpigia simu akasema haina shida." Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hapa Tabora miaka mingi na hiyo kauli nimeisikia kwa mabosi, kwa wazazi, mpaka kwa mtendaji wa kijiji ambae ndo alitakiwa anisaidie. Kwa hiyo leo naanza na hiyo.

Jamani, mtoto kukubali hakubadilishi kitu. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya 2008 inasema kama aliyechukuliwa kwenda kunyonywa ni mtoto, yani hajafika miaka 18, ridhaa yake sio utetezi, na ridhaa ya mzazi wake nayo sio utetezi. Na sio lazima avushwe mpaka! Watu wakisikia usafirishaji wanawaza Uarabuni, wakati treni ya kutoka Kigoma inashusha watoto hapahapa na sisi tunapishana nao tumebeba mabegi yetu.

Alaf hebu tuangalie huyo dogo alikubali nini hasa. Aliambiwa kazi ya msimu, kula na kulala juu ya bosi, hela anapewa yote kwa pamoja tumbaku ikishauzwa. Hakuambiwa kwamba ukiondoka kabla ya soko hupati hata mia, na hapo ndo mtego ulipo, maana kuanzia vitalu mpaka soko ni miezi na miezi, huwezi kulalamika, huwezi kuumwa, huwezi kurudi nyumbani. Wanaovumilia mpaka mwisho nao wanafunguliwa daftari, unga umekatwa, sabuni imekatwa, mabuti yamekatwa, nauli ya kuja nayo imekatwa, kinachobaki hakimfikishi hata kwao.

Wetu huyu alishindwa kwenye kuvuna. Ukivuna asubuhi majani yana umande nikotini inapita kwenye ngozi, mtoto anatapika, kichwa kinazunguka, na watu wazima wanasema malaria au uvivu. Akatoroka, akadandia lori la mkaa, akashukia Tabora mjini hana kitu. Stendi akapata "kaka", kijana mkubwa aliyemnunulia chipsi na kumpa pa kulala, siku mbili hajaulizwa chochote. Usiku wa tatu kaka anamwambia wewe mwili mdogo, pita kwenye hili dirisha utufungulie mlango. Ndani wakakuta mwenye nyumba, akakatwa na panga mkononi, wakubwa wakakimbia, dogo ndo akakamatwa.

Nilipomuona dawati la jinsia na watoto pale polisi nilimpa kipande cha sabuni anawe ale. Alisugua mpaka maji ya beseni yakawa kama chai ya rangi, na bado gundi ya tumbaku ilikuwa imeganda kwenye kucha, nyeusi. Nje watu wanaita panya road huyo, yani kibaka wa genge la vijana. Yule mzee wa watu ameumia na ana haki yake, silipingi hilo hata kidogo, ila mnaniuliza uhalifu wa vijana unatoka wapi, mimi naona umeanzia shambani, na kuna watu wazima wawili waliomtumia mtoto mmoja kabla hajashika kitu cha mtu.

"Mfungeni, jela itamnyoosha." Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo, kuna Mahakama ya Watoto, kuna shule ya maadilisho Irambo kule Mbeya, kuna kuwekwa chini ya uangalizi. Na hata bila sheria, ukimlaza na majambazi wakubwa atatoka ameshafundishwa kazi. Viboko sijadili, wengi ninaowapokea wamepigwa toka wadogo, kama vingekuwa dawa wangekuwa wamepona.

"Wakimbizi ndo wanaleta ujambazi." Kijana wa kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu hatakiwi kutoka kambini bila kibali, akitoka kutafuta kibarua analipwa nusu na hawezi kwenda polisi kushtaki. Mimi nakutana nao zaidi kama walionyonywa.

"Ni umaskini tu." Umaskini unasukuma, sawa, ila kwenye mtaa mmoja maskini kuna watoto kibao wasioiba, na mara nyingi tofauti ninayoikuta ni kwamba yupo mtu mzima anaejua huyu mtoto leo kalala wapi.

Na binti wa kazi za ndani msidhani yuko salama kwa sababu yuko ndani. Huyo ndo simuoni kabisa mpaka mambo yameharibika.

Sasa mzazi uliopo Kasulu, Buhigwe, Kibondo, nakuomba. Kazi nyepesi sheria inaruhusu kuanzia miaka 14, ya hatari mpaka 18, basi, dalali anaechukua watoto wa kazi asikudanganye. Akija, mpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji aandikwe jina na kijiji anachompeleka mtoto, akikataa umeshapata jibu. Namba 116 ni bure, ya watoto. Na kitu ninachokisema mpaka wenzangu ofisini wananichoka, mtoto ashike namba yako ya simu KICHWANI, mwimbishe kila jioni kama anavyoimba tebo. Huyu wa kwetu namba ya mama yake ilikuwa kwenye kikaratasi, suruali ikafuliwa. Stendi kuna muuza vocha alimpa simu apige nyumbani, akaandika tarakimu nne za mwanzo, akakwama hapo, akamrudishia simu yake.