Java na C# zinafanana, na hapo ndo shida inapoanzia

Kazi yangu ni kuhamisha programu kutoka lugha moja ya kuandikia programu kwenda nyingine, kama Java, C# au Python, na kila mara nasikia "aah hii ni Java kwenda C# tu, hizo si pacha, utamaliza haraka". Mi naona kinyume kabisa. Ukitoka Java kwenda Python unajua toka mwanzo kwamba unaandika upya so unakuwa macho, ila Java na C# unaweza kukopi faili zima, ukabadilisha maneno mawili matatu, kompaila (programu inayokagua na kutafsiri kodi yako) ikakubali bila kelele halafu programu ikafanya kitu kingine.

Mfano una klasi (ramani ya kutengenezea vitu, yaani objekti) inaitwa Akaunti, yenye metodi (kazi inayoweza kuitwa) kataAda(), na AkauntiYaAkiba inarithi kutoka kwake, Akaunti ndo mzazi na hii ni mtoto, ikiwa na kataAda() yake. Kwenye Java metodi ya mtoto ndo itaitwa hata kama variabo (jina linaloshika objekti au thamani) umeitangaza kuwa ni Akaunti, maana metodi ya kawaida mtoto anaweza kuibadilisha muda wowote asipokatazwa. C# haiko hivyo, mzazi lazima aandike virtual (naruhusu kubadilishwa) na mtoto aandike override (nabadilisha). Usipoyaweka unapewa onyo tu, sio kosa, programu inapanda hewani na akaunti zote za akiba zinakatwa ada kwa hesabu ya mzazi. Hakuna kinacholalamika mpaka mwenye hela alalamike! Ndo maana kabla sijagusa chochote naanzia huko huko kwenye Java, naweka @Override, alama ya kusema metodi hii inabadilisha ya mzazi, kila panapostahili, alama hizo zinanionyesha mahali pa kuandika override upande wa pili, halafu kwenye C# nawasha mpangilio wa TreatWarningsAsErrors ili onyo liwe kosa.

Kingine ambacho wengi hawakijui ni konstrakta, sehemu ya klasi inayoendeshwa objekti inapoundwa. Tuseme konstrakta ya mzazi inaita metodi ambayo mtoto ameibadilisha, na metodi hiyo inasoma kiwango, variabo ya mtoto iliyoandikwa int kiwango = 5 (int ni namba kamili). Java inamaliza konstrakta ya mzazi kwanza ndo inawapa variabo za mtoto thamani zake, kwa hiyo utasoma 0. C# inaanza na variabo za mtoto, utasoma 5. Lugha ya C++ ndo kabisa, wakati huo inaita metodi ya mzazi hata kama ni virtual. Mistari ile ile, majibu matatu, na zote tatu ziko sahihi kwa sheria zake.

Ukirudi njia nyingine, C# kwenda Java, chunga sana == (alama ya kulinganisha) kwenye stringi, yaani maandishi. C# inalinganisha maandishi yenyewe, Java inauliza kama ni objekti moja, unatakiwa utumie equals. Ubaya ni kwamba stringi ulizoandika moja kwa moja ndani ya programu Java inazihifadhi mara moja tu, kwa hiyo testi zako zinapita vizuri kabisa halafu mtumiaji akiandika neno lile lile kwenye fomu linakataliwa.

Python nayo ina yake kwenye namba. -7 / 2 kwenye Java ni -3, -7 // 2 (kugawanya namba kamili) kwenye Python ni -4, na -7 % 3 (baki ya kugawanya) ni -1 kule, 2 huku. Pia int ya Java ikifika 2147483647 ukiongeza 1 inageuka kuwa -2147483648 wakati Python inaendelea kuhesabu tu, kwa hiyo hesabu yoyote iliyotegemea ule mgeuko, kama hashi (namba inayokokotolewa kutoka kwenye data), itatoa jibu tofauti.

Kwa hiyo mi siamini "imekompaili". Naiacha programu ya zamani iendelee kuwaka, naipa data ile ile ninayoipa mpya, namba hasi, stringi tupu, namba kubwa kupita kiasi, stringi iliyosomwa kutoka kwenye faili, halafu nalinganisha majibu mstari kwa mstari, na zikitofautiana hata sehemu moja sihamii klasi inayofuata.