Chapa ya mfua fedha: maana yake na jinsi inavyoonyesha ukoo

Nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, zina kasha la bibi, na ndani yake hamkosi fedha: mrashi, chetezo, vikuku, pengine na birika la chai na vijiko vya enzi za Waingereza. Watu wa nyumbani hujua nani alimrithi nani. Aliyevifua vyombo hivyo ndiye asiyejulikana, ingawa mara nyingi jina lake limo papo hapo, chini ya kitako cha birika au mgongoni mwa kijiko, kwa herufi ndogo kama punje ya mtama.

Chapa ya mfua fedha ni alama inayogongwa kwenye chombo ili kumtambulisha mwenye karakana. Kwa kawaida ni herufi za mwanzo za jina lake, zikiwa ndani ya umbo fulani: mviringo, mstatili au ngao. Litazame umbo hilo kama unavyozitazama herufi, maana mafundi wawili waliweza kuwa na herufi zile zile. Uingereza iliwalazimisha wafua fedha kuwa na alama zao tangu 1363, ili fedha ikipunguzwa ubora ajulikane wa kushikwa. Kwa hiyo chapa humtaja anayewajibika. Haisemi ni mkono wa nani ulioshika nyundo, kwani karakana ilikuwa na vibarua na wanagenzi wake.

Kwenye chombo cha Kiingereza chapa hiyo huwa pamoja na nyingine, nazo husomwa kwa pamoja. Simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele ameuinua, ni thibitisho la fedha ya sehemu 925 katika 1000. Kichwa cha chui huonyesha kuwa chombo kilikaguliwa London. Nanga ni ya Birmingham, na hapa mtu wa Mombasa huteleza kwa urahisi, akadhani chombo kilikuwa cha melini. Birmingham haina bahari. Kichwa cha mfalme au malkia ni cha ushuru uliolipwa kati ya 1784 na 1890. Kisha kuna herufi ya mwaka, kila mwaka na herufi yake. London ilitumia herufi 20, zikiisha zinaanza upya kwa mwandiko mwingine au ngao nyingine, kwa hiyo ukisoma herufi peke yake unaweza kukosea kwa miongo mizima.

Ukoo unaonekana vizuri zaidi kwa akina Bateman, wafua fedha wa London. John Bateman alifariki 1760, na mwaka uliofuata mjane wake, Hester, akasajili chapa yake mwenyewe: HB, kwa mwandiko wa kuunganisha. Aliiendesha karakana hadi 1790, alipowaachia wanawe Peter na Jonathan. Chapa ikawa PB juu, IB chini. Hiyo I ni ya Jonathan, kwa sababu zamani I iliandikwa mahali pa J. Asiyejua hilo atamtafuta fundi ambaye hakuwahi kuwapo. Jonathan alifariki 1791, mkewe Ann akashika nafasi yake, ikawa PB na AB. Mwaka 1800 mwana wao William akaingia, na herufi WB zikaongezwa. Msiba wa nyumba, mjane, mjukuu, vyote vimo kwenye kijiko cha sukari. Kwangu mimi hii ndiyo thamani ya chapa, kuliko bei yoyote ya mnada.

Tahadhari moja: herufi EPNS si jina la fundi. Maana yake ni chombo cha madini mengine kilichochovywa fedha kwa umeme, na mara nyingi kila herufi huwekwa ndani ya ngao yake ili ifanane na chapa za kweli.

Mombasa ina watu wengi wenye asili ya Kachi, India, na fedha za huko nazo zina historia yake. Ukiona OM pamoja na neno BHUJ, hiyo ni kazi ya karakana ya Oomersi Mawji, mfua fedha wa karne ya 19 aliyehudumia jumba la watawala wa Kachi. India ya wakati ule haikuwa na ukaguzi kama wa London, hivyo huoni simba wala herufi ya mwaka. Una jina la fundi na mji wake.

Fedha iliyofuliwa pwani yetu, aghalabu, haina chapa kabisa. Mafundi waliyeyusha riale za Maria Theresa, zenye fedha sehemu 833 katika 1000, wakafua vikuku na mikufu kwa wateja waliowajua kwa majina. Riale iliyoning'inizwa kwenye mkufu nayo isikudanganye: karibu zote zina mwaka 1780, kwa kuwa ziliendelea kutengenezwa kwa mwaka huo huo karne nzima na zaidi.

Sonara akipima kikuku kisicho na chapa, huhesabu tola tu, yaani uzito wake, na kinaishia kwenye moto. Basi kabla ya kukipeleka, waulize wazee wa nyumba: nani alikiagiza, kwa harusi ya nani, fundi alikuwa wa mtaa gani, mwanawe nani aliendeleza kazi. Piga picha kufuli yake na nakshi zake kwa karibu, andika majibu kwenye karatasi kwa jina la aliyekusimulia, na uihifadhi karatasi hiyo kashani pamoja na kikuku.