Ndala iliyobaki njiani: ganzi, sukari na vitamini B12

Bibi aliingia kliniki akiwa na ndala moja. Nyingine mjukuu wake aliiokota kwenye korido, hatua kama kumi nyuma, akaja nayo mkononi huku anacheka. Bibi hakucheka. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hajakaa vizuri akasema: "Sikuisikia ikitoka, mwanangu. Siku hizi miguu hii si yangu."

Kwa daktari wa neva, ndala iliyobaki njiani ni nusu ya uchunguzi. Vidole vya mguu huishika ndala bila sisi kufikiri, kwa sababu nyayo zinapeleka habari juu muda wote: inateleza, kaza, kuna changarawe, legeza. Habari zikikatika, ndala inakwenda zake na mwenyewe hana taarifa.

(Nyuzi zinazobeba habari hizo nitaziita "neva" mpaka mwisho, ingawa wagonjwa wangu husema mishipa. Neno mshipa limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mtu akiniambia anasumbuliwa na mshipa, lazima nimuulize zaidi: ni mshipa wa damu, ni msuli uliokaza, ni busha, au ni hii ganzi? Tusipoulizana, yeye anaeleza kitu kimoja na mimi natibu kingine.)

Bibi huyu, ambaye nimebadilisha mambo yake kadhaa ili asitambulike, ana miaka sitini na kitu, na ana sukari kwa miaka kumi na mmoja. Anakunywa metfomini, vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku. Ganzi ilianzia vidole vya miguu, ikapanda kama soksi, na baada ya miezi michache ikatokea kwenye vidole vya mikono. Hawezi tena kuchambua mchele; mawe anayaona, ila vidole havimwambii kama ameyashika. Kote alikopita aliambiwa sukari imeshapiga mishipa, azoee. Si jibu la kijinga. Wengi wanaokuja kwangu na ganzi ya miguu kweli ni sukari. Lakini mambo yake mawili yalikataa kuingia humo.

La kwanza ni hiyo mikono. Ganzi ya sukari hupanda taratibu, na inapofika kwenye vidole vya mikono kwa kawaida miguuni imeshakaribia magoti. Yake ilikuwa bado kwenye vifundo. La pili alilitaja mwenyewe, kama jambo dogo tu: alfajiri akitawadha, akifumba macho kunawa uso, anapepesuka mpaka ashike ukuta.

Hapo ndipo niliposogeza kiti. Mtu hasimami kwa nguvu za miguu peke yake. Anasimama kwa macho, kwa sehemu ya ndani ya sikio, na kwa habari kutoka kwenye nyayo na maungio zinazoeleza mguu uko wapi. Ukifumba macho, nyayo zinabeba kazi kubwa zaidi. Kama nazo zimenyamaza, unayumba. Nilichukua kile chuma chenye ncha mbili, nikakigonga kikatetemeka, nikakiweka kwenye kidole gumba cha mguu. Hakuna kitu. Kifundo cha mguu, hakuna. Mfupa wa mbele wa mguu, hakuna. Alikisikia nilipofika gotini. Nyuzi zinazobeba mtetemo huo na hisia ya mahali mguu ulipo hupanda kwa upande wa nyuma wa ugwe mgongo, ile kamba ya neva iliyomo ndani ya uti wa mgongo. Upungufu wa vitamini B12 hupenda kuanza na nyuzi hizo hasa, na huweza kuharibu ugwe mgongo na neva za miguuni kwa pamoja.

B12 inahusika na mielini, yale mafuta yanayozivika neva ili ujumbe upite haraka. Ikipungua, mafuta hayo yanaumbwa vibaya na kuchakaa. Ikichelewa kurudishwa, hata uzi wa ndani unakufa. Kwa nini huanzia vidoleni? Neva ya kidole gumba cha mguu inatoka kiunoni, uzi mmoja wa karibu mita nzima, na seli iliyoko juu ndiyo inayoulisha uzi wote huo. Wanaokaa mwisho wa bomba la mtaa wanaelewa: maji yakipungua shinikizo, wao ndio wa kwanza kukinga ndoo tupu.

Sasa swali ambalo nadhani ni kubwa kuliko "nimpe nini?" ni hili: ilipotelea wapi? Bibi anakula dagaa karibu kila siku, na dagaa wana B12 ya kutosha. Mahitaji yenyewe ni madogo ajabu, mikrogramu 2.4 kwa siku kwa mtu mzima, na hupatikana kwenye vyakula vya wanyama tu: nyama, samaki, maziwa, mayai, na maini kuliko vyote. Mchicha wote wa sokoni hauna. Kwa hiyo mdomoni iliingia. Lakini safari yake ndani ya tumbo ni ndefu. Asidi ya tumbo lazima iibandue kwenye chakula, kisha ibebwe na protini maalumu inayotengenezwa na ukuta wa tumbo, halafu ifyonzwe mwishoni kabisa mwa utumbo mwembamba. Metfomini huvuruga ufyonzaji wa pale mwishoni. Nikamuuliza anatumia dawa gani nyingine. Akafungua mkoba, akatoa omeprazoli. Miaka minne anaimeza kila asubuhi, alianzishiwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo na hakuna aliyemwambia aache. Omeprazoli hupunguza asidi. Basi bibi alikuwa amebanwa mwanzoni mwa njia na mwishoni mwake.

Ujanja wa upungufu huu ni uvumilivu wa ini. Ini huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hiyo dawa uliyoanza leo hailalamikiwi leo wala mwakani. Ganzi inapotokea, kidonge kimeshakuwa rafiki wa nyumbani, nani atakishuku? Uingereza, mwaka 2022, mamlaka ya dawa iliwaandikia madaktari wapime B12 kwa mtu wa metfomini mwenye dalili, na wafikirie kuwapima mara kwa mara walio kwenye hatari zaidi. Dozi kubwa na miaka mingi ndivyo vinavyoongeza hatari. Na tafadhali, anayesoma hapa asikimbilie kuacha metfomini yake. Ni dawa nzuri, ya bei ndogo, na sukari ikipanda itakuchoma neva hizohizo. B12 inarudishwa huku metfomini inaendelea.

Kuna kipande cha historia yake kilichoniuma zaidi. Mwaka uliotangulia alikuwa amechoka, amepauka, akapewa vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye madini ya chuma na asidi foliki. Damu ikapanda. Akafurahi, waliomtibu wakafurahi. Miguu ikaendelea kufa.

Hili si bahati mbaya, ni kemia. B12 na foliki hufanya kazi bega kwa bega katika kutengeneza seli za damu. B12 ikikosekana, foliki nyingi inaweza kulisukuma gurudumu la damu peke yake. Kwenye mielini haiwezi. Matokeo yake ile alama ambayo ingemshtua daktari, yaani upungufu wa damu wenye seli kubwa kuliko kawaida, inafutika, na ugonjwa unaendelea kwenye neva kimyakimya. Hata pasipo foliki damu inaweza kudanganya. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1988 uliwaangalia wagonjwa 141 ambao neva zao au akili zao ziliathirika kwa kukosa B12. 40 kati yao hawakuwa na upungufu wa damu wala seli zilizovimba. Kwa hiyo "damu yako iko sawa" si jibu la ganzi. Sisemi wajawazito waache foliki. Inawakinga watoto wao na kasoro za uti wa mgongo, na wameze. Nasema mtu mzima mwenye ganzi asipewe foliki pekee kabla B12 haijaulizwa.

Kipimo cha bibi kilirudi pikogramu 118 kwa mililita. Maabara nyingi huhesabu chini ya 200 kuwa ni upungufu, na kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka ambapo dalili za mgonjwa zina sauti kuliko namba.

Bahati ya bibi ni kwamba hakuna aliyewahi kumchoma sindano ya vitamini kabla hajafika kwangu. Wiki ileile alikuja kijana, fundi seremala, amekwisha kuchomwa tatu kwenye duka la dawa la mtaani kwao kwa sababu "mishipa imelegea". Nikipima B12 yake leo itakuwa juu kama mnazi, na sitajua ilikuwa wapi mwezi uliopita. Ukitaka sindano, toa damu kwanza. Kama kipimo hakipatikani au ni ghali, na dalili ni zile za ugwe mgongo, mimi huanza tiba bila kusubiri. B12 ya ziada haina sumu ya kuogopwa, na kuchelewa kuna gharama isiyorudi. Lakini hapo nimeamua nikijua ninachokipoteza.

Seremala yule hakuwa na shida ya B12 hata kidogo. Alikuwa mwezi wa nne kwenye isoniazidi, dawa ya kuzuia kifua kikuu kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Isoniazidi hukamatana na vitamini B6 na kuitoa kwenye mkojo, na wenye miili inayovunja dawa hiyo polepole huumia zaidi. Ndiyo maana huambatanishwa na kidonge kidogo cha piridoksini, ambayo ndiyo B6 yenyewe, miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Kile kidogo alikuwa hakimezi. Alidhani ni cha hamu ya kula, na hamu anayo! Nyayo zikawa zinawaka usiku mpaka analala miguu ikiwa nje ya shuka, na alikuwa anakaribia kuiacha isoniazidi yenyewe. Tulirudisha B6, moto ukapungua ndani ya wiki kadhaa.

Halafu inakuja zamu ya kinyume chake. B6 ndiyo vitamini pekee kwenye kundi hili ninayoiogopa ikizidi, kwa sababu ikizidi huua neva zilezile. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza watu saba waliokuwa wanameza gramu mbili hadi sita kila siku. Walipoteza hisia za miguu na mikono, wakawa wanayumba, wengine hawawezi kutembea bila kushikiliwa. Leo tunajua hata kiasi kidogo kuliko hicho, kikimezwa muda mrefu, kinaweza kudhuru baadhi ya watu. Ulaya mwaka 2023 walishusha kikomo cha matumizi ya kila siku hadi miligramu 12. Vidonge vingi vya "nguvu ya mishipa" vina miligramu 100 au 200 kwa kimoja. Kwa tiba ya muda mfupi chini ya uangalizi, sawa. Lakini mtu mwenye ganzi anameza, ganzi haiishi, anaongeza. Nimewaona.

Vitamini B1, tiamini, naipitia haraka ingawa ina hadithi nzuri kuliko zote. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache, si miaka. Mwaka 2009 wanajeshi wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu, Waganda na Warundi, walianza kuvimba miguu na kuhema. Zaidi ya 200 waliugua, wasiopungua wanne walifariki, makumi walipelekwa kwa ndege hospitali za Kenya na Uganda. Ilikuwa beriberi, ugonjwa ambao wengi wetu tuliusoma kwenye vitabu kuhusu mabaharia na wafungwa wa Asia. Walipopewa tiamini walipata nafuu haraka. Kwao ulishika moyo. Kwa wengine upungufu huohuo hushika neva, miguu inadhoofika na kuwaka. Hapa kwetu namfikiria mnywaji wa gongo asiyekula, mjamzito anayetapika wiki nzima, na mtu aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo. Tiamini ya nafaka hukaa kwenye kiini na pumba, ndiyo maana dona inayo na sembe nyeupe imeiacha mashineni.

Turudi kwa bibi. Alichomwa hidroksokobalamini, yaani B12 ya sindano, nyekundu kama juisi ya rozela, miligramu moja kila baada ya siku moja, kisha tukapanua nafasi hadi kila miezi miwili. Omeprazoli tuliisimamisha taratibu; kiungulia kilirudi wiki mbili kikaondoka. Damu ilijirekebisha ndani ya mwezi na kitu. Neva zina kalenda yake. Uzi uliokatika hukua kama milimita moja kwa siku ukibahatika, na ugwe mgongo haukui hivyo kabisa. Mwezi wa pili wa tiba aliniambia hali imekuwa mbaya, anachomwachomwa kuliko mwanzo. Hilo hutokea neva zikianza kuamka, nikamwomba asiache.

Mwezi wa nane wa tiba alikuja na ndala zote mbili, amevaa. Alinionyesha kwamba anaweza kufunga kifungo cha gauni bila kutazama. Alfajiri anatawadha bila kushika ukuta, ila taa lazima iwake. Vidole viwili vya mguu wa kushoto bado havina habari, na chuma changu alikisikia kwenye kifundo, si kwenye kidole. Aliniuliza kama navyo vitarudi. Kwenye daftari lake la kliniki, ganzi iliandikwa mara ya kwanza miaka miwili na miezi mitatu kabla ya sindano ya kwanza. Nikamwambia vikirudi tutashukuru, lakini usiku asitembee pekupeku, na kila jioni mjukuu amkague nyayo.