Maili za ndege kwa hatifungani za akiba za Marekani: mlango uliofungwa na hesabu iliyobaki

Miongoni mwa maswali ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani huyaleta kwenye dawati letu la elimu ya fedha, limo moja ambalo huongezeka kila safari za Desemba zinapokaribia. Je, mtu anaweza kununua hatifungani za akiba za serikali kwa kadi ya mkopo, akajikusanyia maili za ndege, kisha akazitumia kupunguza nauli ya kwenda Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa? Swali hili ni la haki, kwa kuwa nauli ya familia ya watu wanne inaweza kumeza akiba ya mwaka mzima. Jibu ni kwamba jambo hilo liliwezekana zamani, kwa muda wa miaka michache, na leo haliwezekani tena kwa njia ya moja kwa moja. Sababu ya mlango huo kufungwa inafaa kueleweka vizuri, maana anayeielewa atajua pia kwa nini njia za pembeni zinazotangazwa sasa mara nyingi humtia mtu hasara.

Hatifungani ya akiba ni mkopo ambao mwananchi wa kawaida anaikopesha Wizara ya Fedha ya Marekani. Hatifungani hizi zilianza kuuzwa mwaka 1935, na aina yake iliyojulikana zaidi, mfululizo E, ilizinduliwa tarehe 1 Mei 1941, pale Rais Franklin Roosevelt aliponunua ya kwanza kutoka kwa Waziri wa Fedha, Henry Morgenthau. Haziuzwi sokoni wala haziwezi kuhamishiwa mtu mwingine kwa bei ya kupatana. Anayezitaka fedha zake huirudishia serikali hatifungani yake na kulipwa. Mwezi Septemba 1998 ukaja mfululizo I, ambao riba yake ina sehemu mbili: sehemu moja haibadiliki kwa miaka yote 30 ya hatifungani, na ya pili hupangwa upya kila miezi sita kufuata mfumuko wa bei.

Katika miaka hiyohiyo ya mwisho wa karne, serikali ilifungua tovuti ya kuuza hatifungani za karatasi kwa kadi ya mkopo, na karatasi zenyewe zikawa zinatumwa kwa posta hadi nyumbani kwa mnunuzi. Zile za mfululizo I zilikuwa karatasi za kupendeza. Ile ya dola 50 ilikuwa na picha ya Helen Keller, ya dola 100 ilikuwa na Martin Luther King, ya dola 1,000 ilikuwa na Albert Einstein, na ya dola 5,000 ilikuwa na mwimbaji Marian Anderson. Nia ilikuwa njema: kumwezesha mtu asiyekuwa na muda wa kupanga foleni benki aweke akiba akiwa sebuleni kwake.

Wapenzi wa maili waliiona nafasi hiyo haraka. Kadi nyingi zilizofungamana na mashirika ya ndege zilitoa maili moja kwa kila dola iliyotumika. Mtu aliyenunua hatifungani za dola 10,000 alipata maili 10,000, na kwa kuwa hatifungani si matumizi bali ni fedha iliyohamishwa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, alionekana kupata maili bila kutumia hata senti. Wakati huo sharti lilikuwa kukaa na hatifungani kwa miezi sita tu kabla ya kuruhusiwa kuirudisha, na aliyeirudisha kabla ya miaka mitano alikatwa riba ya miezi mitatu. Kwa hiyo wapo walionunua, wakasubiri miezi sita, wakarudisha, wakanunua tena.

Hapa ndipo panapohitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu neno «bure» huficha mlipaji. Mashirika ya ndege, tangu American Airlines ilipoanzisha mpango wake wa wasafiri wa mara kwa mara mwaka 1981, yamejifunza kuziuza maili zao kwa benki zinazotoa kadi, na benki hulipia maili hizo kwa fedha taslimu. Benki nayo hupata fedha hizo kwa kiasi kikubwa kutokana na makato anayotozwa muuzaji kila kadi inapotumika, makato ambayo Marekani kwa kawaida huwa kati ya asilimia 1.5 na 3 ya bei. Muuza viatu huyajumlisha makato hayo kwenye bei ya viatu. Hazina ya serikali haina pa kuyajumlisha. Inapouza hatifungani ya dola 1,000 kwa kadi yenye makato ya asilimia 2, hupokea dola 980 mkononi lakini huandika deni la dola 1,000 pamoja na riba yake. Dola 20 zilizopungua hulipwa na walipakodi wote, akiwemo dereva wa basi ambaye hana kadi ya aina hiyo na hajawahi kupanda ndege.

Kwa sababu hiyo sioni kwamba serikali iliwadhulumu wateja wake ilipofunga mlango huo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuanzia tarehe 1 Februari 2003 muda wa chini wa kukaa na hatifungani mpya uliongezwa kutoka miezi sita hadi miezi 12, na uuzaji wa kadi nao ukakomeshwa. Hatifungani za karatasi zenyewe ziliacha kuuzwa katika benki mwanzoni mwa mwaka 2012.

Somo hilo halikutosha, maana idara nyingine ya serikali hiyohiyo ililirudia. Kiwanda cha Sarafu cha Marekani kilikuwa kimeanza kutoa sarafu za dola moja zenye sura za marais mwaka 2007, na ili zipate kuzunguka mikononi mwa watu, mwaka uliofuata kikaanza kuziuza kwa bei ileile iliyoandikwa juu yake, kwa kadi, na kuzisafirisha hadi mlangoni bila malipo. Sanduku moja lilikuwa na sarafu 250. Wapo walioagiza masanduku kwa masanduku, wakayapeleka benki yakiwa hayajafunguliwa, wakalipa bili ya kadi kwa fedha hizohizo na kubaki na maili. Sarafu zilizokusudiwa kufika sokoni zikaishia katika maghala ya benki, huku serikali ikilipa makato ya kadi na gharama ya usafirishaji. Mwezi Julai 2011 Kiwanda kikaacha kupokea kadi katika mpango huo.

Nikitazama historia hii, kinachonisikitisha zaidi ni kile kilichowaponyoka wale waliozirudisha hatifungani zao haraka ili waendelee kufukuza maili. Hatifungani za mfululizo I zilizotolewa kati ya Mei na Oktoba 2000 zilikuwa na sehemu ya riba isiyobadilika ya asilimia 3.6 kwa mwaka, juu ya mfumuko wa bei, kwa miaka 30. Hakuna toleo lililowahi kufikia kiwango hicho kabla wala baada ya hapo. Dola 1,000 zilizotulia ndani ya hatifungani hiyo kuanzia mwaka 2000 hadi 2030 zitakuwa na uwezo wa kununua karibu mara 2.9 ya ule wa mwanzo, kabla ya kodi ya mapato. Maili 1,000 zilizopatikana kwa ununuzi huohuo, tukizithamini kwa senti moja hadi moja na nusu kila moja, zilikuwa na thamani ya dola 10 hadi 15. Tena maili hazizai riba. Shirika la ndege linaweza kupandisha idadi ya maili zinazohitajika kwa safari ileile wakati wowote, na mwenye maili hana pa kudai.

Leo hatifungani za mfululizo I na EE (mrithi wa ule wa E) hununuliwa kupitia tovuti ya TreasuryDirect ya Wizara ya Fedha, na malipo hutoka katika akaunti ya benki ya mnunuzi. Kadi ya mkopo haipokelewi. Hata hivyo swali la msomaji halijaisha, kwa sababu zimebaki njia za kuzunguka, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo, kuziweka benki, kisha kununua hatifungani. Wengi wenye kadi hawajui kwamba kutoa taslimu hakuhesabiwi kama manunuzi. Kwa kawaida hakuleti maili, hutozwa ada ya asilimia 3 hadi 5 papo hapo, na riba yake huanza kuhesabiwa siku ileile bila muda wa kungoja bili. Mtu huyo amelipa ada na riba kwa ajili ya maili ambazo hatazipata kamwe.

Ya pili ni kununua kadi za zawadi kwa kadi ya mkopo, kuzigeuza kuwa hawala ya posta, kisha kuipeleka hawala benki. Kila hatua ina ada, na benki inayoona hawala nyingi zikiingia katika akaunti ya mfanyakazi wa mshahara ina wajibu wa kisheria wa kuuliza fedha hizo zimetoka wapi, na mara nyingine huifunga akaunti. Iko pia kodi. Mamlaka ya mapato ya Marekani kwa kawaida huzitazama zawadi anazopata mtu kwa kutumia kadi, kama vile maili, kuwa punguzo la bei, si kipato. Lakini mwaka 2021 mahakama ya kodi ya nchi hiyo iliamua kesi ya wanandoa waliokusanya zawadi za zaidi ya dola 300,000 kwa miaka miwili kupitia kadi za zawadi na hawala. Ilikubali kwamba zawadi za kununulia kadi za zawadi hazitozwi kodi, ila zile zilizotokana na kununua hawala moja kwa moja au kuongeza fedha kwenye kadi za malipo zikahesabiwa kuwa kipato. Mgeni ambaye bado anajenga historia yake ya mkopo, au ambaye maombi yake ya uhamiaji yanamtaka aonyeshe rekodi safi za kodi, hana sababu ya kuingia katika uwanja huo kwa ajili ya nusu ya nauli.

Ya tatu ndiyo inayowanasa waangalifu, kwa kuwa haina hila yoyote ndani yake. Mtu hulipia chakula, mafuta ya gari na karo kwa kadi ili apate maili, na mshahara wake anaupeleka kwenye hatifungani. Hapo hakuna sheria iliyovunjwa, na kwa anayelipa bili yote kila mwezi maili hizo ni zake kwa haki. Hatari iko kwenye kalenda. Bili ya kadi hutoka kila mwezi, na sheria ya 2009 humpa mwenye kadi angalau siku 21 tangu bili itumwe kabla ya tarehe ya kulipa. Hatifungani haifunguki hadi miezi 12 ipite. Tuchukue mfano wa mtu aliyepeleka dola 5,000 kwenye hatifungani yenye riba ya asilimia 4 huku akiacha deni la kiasi hicho kwenye kadi yenye riba ya asilimia 20. Mwezi wa kwanza pekee kadi itamtoza kiasi cha dola 83, na deni hilo likikaa mwaka mzima riba yake itakaribia dola 1,000. Hatifungani itampa dola 200, na akiirudisha mara tu inapofunguka atakatwa riba ya miezi mitatu abaki na dola 150 hivi. Maili zake 5,000 zina thamani ya dola 50 hadi 75. Amelipa karibu dola 1,000 ili apate zisizofika 230, na njiani alama zake za mkopo zimeshuka kwa sababu kadi imejaa.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa anayeishi Marekani na mwenye namba ya hifadhi ya jamii ni kwamba mambo haya mawili yatenganishwe. Deni la kadi lilipwe kwanza lote. Akiba ya dharura ya miezi mitatu au zaidi ikae kwenye akaunti inayofikika, kwa maana msiba au ugonjwa nyumbani hausubiri miezi 12. Kinachozidi hapo ndicho kiende kwenye hatifungani. TreasuryDirect hupokea kuanzia dola 25, na kikomo cha mtu mmoja ni dola 10,000 kwa mwaka kwa kila mfululizo. Riba yake haitozwi kodi ya jimbo wala ya mji, ila hutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu, na mwenye hatifungani anaruhusiwa kuisubirisha kodi hiyo hadi siku ya kuirudisha. Mzazi anaweza kumfungulia mtoto wake akaunti iliyounganishwa na yake, jambo ambalo familia nyingi za Kiafrika tunazozungumza nazo hazilijui.

Wapo wanaotuuliza kama hila ya maili ingewezekana kwa dhamana za serikali za nyumbani. Kenya ilipouza M-Akiba, hatifungani ya serikali ya kununuliwa kwa simu, mwaka 2017, kwa kiwango cha chini cha shilingi 3,000 na riba ya asilimia 10 kwa miaka mitatu, malipo yalipita kwenye simu, si kwenye kadi ya mkopo inayoleta maili. Faida ya mnunuzi ilikuwa riba isiyokatwa kodi, iliyoingia katika simu ileile kila miezi sita.