Je, Wajua Kwa Nini Mbwa Anayejua Kuogelea Huzama Bwawani?

Mbwa akibebwa na kuteremshwa karibu na maji, mara nyingi huanza kupiga miguu hewani hata kabla hajalowa. Silika hiyo ndiyo iliyowafanya watu wengi waamini kwamba kila mbwa ni mwogeleaji, na kwamba hakuna haja ya kumchunga kando ya bwawa la kuogelea kama anavyochungwa mtoto. Kuelea, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi; nusu ya pili ni kutoka, na hapo ndipo bwawa la nyumbani linapomshinda.

Mtoni au ziwani penye ufuko, mbwa huogelea mpaka makucha yaguse mchanga, kisha akatembea na kujikung'uta. Bwawa limejengwa kwa kuta zilizosimama wima, na mara nyingi maji huwa chini kidogo ya ukingo. Mtu hushika ukingo huo akajivuta. Mbwa hana vidole vya kushikia, na makucha yake hukwaruza vigae yakateleza. Akishataharuki, hung'ang'ania kutokea palepale alipotumbukia, ilhali ngazi ziko upande wa pili, zimezama, na macho yake yaliyo usawa wa maji hayazioni. Huenda asibweke hata kidogo, kwa kuwa pumzi yote anaihitaji, na walioketi sebuleni wasijue lolote.

Kwa hiyo somo la kwanza si kuogelea bali kutoka. Mwenye mbwa na aingie naye majini, amwongoze taratibu mpaka kwenye ngazi, kisha arudie akianzia kila upande wa bwawa, siku baada ya siku, hadi mnyama azielekee bila kuelekezwa. Chungu kikubwa cha maua kikiwekwa juu ya ngazi hizo huwa alama anayoweza kuiona akiwa majini. Pamoja na hayo pawe na uzio wenye lango linalofungwa. Turubai lililotandazwa juu ya maji si uzio: mbwa hulikanyaga akidhani ni sakafu, likambonyea na kumfunika.

Umbo nalo lina neno. Mbwa wa aina ya labrador amejaliwa manyoya yanayozuia maji na ngozi kati ya vidole, lakini bulldog ana kichwa kizito, kifua kipana na miguu mifupi, na kwa kuwa pua yake ni bapa hulazimika kuinua kichwa ili avute pumzi, jambo linalozamisha sehemu yake ya nyuma. Mbwa wa namna hiyo avalishwe jaketi la kuokolea lenye mshikio mgongoni, hata kama maji yanaonekana madogo.

Maji ya kumezwa nayo yana hatari yake. Mbwa anayerushiwa kijiti ziwani mara nyingi mfululizo humeza maji kila anapokidaka, na yakizidi hupunguza mno chumvi ya damu. Dalili zake ni kutapika, kuyumba na tumbo kujaa. Baharini mambo hugeuka: chumvi ndiyo inayozidi, mbwa akaharisha na kuishiwa maji mwilini, kwa hiyo maji ya kunywa yasiyo na chumvi yabebwe kutoka nyumbani. Mahali kama Ghuba ya Winam, katika Ziwa Viktoria, maji yanapogeuka kijani kizito kama rangi iliyomwagwa, mbwa asiingie wala asinywe, kwa sababu bakteria wanaoleta rangi hiyo wanaweza kutoa sumu inayoua, na mbwa huimeza hata anapojilamba manyoya baadaye.

Mbwa aliyeopolewa akiwa hoi apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata akisimama na kutikisa mkia, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumkatia pumzi saa nyingi baadaye, usiku, wakati kila mtu amelala.