Majani ya Mkorosho ya Mwezi wa Saba

Mama mmoja wa Tandahimba aliniletea mfuko wa rambo uliojaa majani ya mkorosho. "Daktari, haya ndiyo yaliyoshusha sukari ya mume wangu. Yatengenezee kidonge." Mimi si daktari, ni mfamasia ninayechunguza dawa za mimea hapa Mtwara, ila huku kwetu ukivaa koti jeupe umekwisha kuwa daktari. Nikayanusa. Yalinuka salfa.

Mtu wa kusini ameshanielewa. Ulikuwa mwezi wa saba, mikorosho iko kwenye maua, mashamba mengi yanapuliziwa salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na wengine wanaongeza dawa ya maji kwa ajili ya mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi. Baadhi ya viuatilifu hivyo huingia ndani ya jani lenyewe, hata ulioshe mara saba. Anayechuma na kuchemsha msimu huo anakunywa duka zima la pembejeo.

Tuseme jani ni safi. Bado lile changa, jekundu, si sawa na lile gumu la chini. Mti hutengeneza kemikali zake kwa kujilinda, na kiasi chake hubadilika kwa umri wa jani, jua na udongo. Halafu mganga anapima kwa konzi. Konzi ya nani? Ya mvuvi wa Msanga Mkuu au ya bibi yangu?

Kazi yangu kubwa ni kuiondoa hiyo konzi. Majani yanaanikwa kivulini, yanasagwa, yanachemshwa kwa maji. Kwa nini maji, na si spiriti ambayo maabara nyingi huipenda? Kwa sababu mgonjwa anakunywa maji. Spiriti huvuta vitu vingine kabisa, na unaweza kuishia kuchunguza dawa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuinywa. Kisha tunachuja, tunakausha, na ule unga unaobaki ndio tunaoupima kwa miligramu.

Kwenye maabara, dondoo za majani ya mkorosho zimeonekana kuzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja wanga kuwa glukosi. Wanga ukivunjwa polepole, sukari haipandi kwa kishindo baada ya ugali. Akarabosi, dawa ya hospitali, inafanya kazi kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana humezwa pamoja na tonge la kwanza. Sasa angalia wanaokunywa majani alfajiri, tumbo tupu, saa tatu kabla ya kula. Kama njia yake ni hiyo, dawa inafika utumboni na kukuta hakuna cha kuzuia. Lakini hayo ni ya kwenye chupa ya maabara, na chupa haina ini wala figo.

Huwa wananiambia, "Za hospitali ni kemikali, zetu ni asili." Metfomini, kidonge anachopewa karibu kila mgonjwa wa kisukari aina ya pili, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao galega. Kiini chake, galegini, kilishusha sukari kweli, ila kilikuwa sumu, hata mifugo ilikufa kwa kula mmea huo. Wanakemia wakatafuta ndugu zake walio wapole. Metfomini ilitengenezwa 1922, na ni mwaka 1957 ndipo daktari Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo ya kuwatibu watu kwa dawa hiyo. Miaka 35.

Ninachokiogopa zaidi ni mchanganyiko. Anayemeza glibenklamaidi, kidonge kingine cha kushusha sukari, akiongeza jani linaloishusha kweli, sukari inaweza kushuka mno, akatetemeka, akatokwa jasho na kupoteza fahamu. Na mwenye kisukari aina ya kwanza asithubutu kuacha insulini, hakuna jani linaloziba pengo lake.

Nikamuuliza yule mama mumewe anameza nini. "Vile vidonge vyeupe vya kliniki, asubuhi na jioni."

"Metfomini. Na chai?"

"Zamani vijiko vitano. Tangu aanze kuumwa hataki hata kimoja."

Basi nina watuhumiwa watatu: jani, kidonge na bakuli la sukari. Nikamwomba mumewe asiache kidonge, na majani ayasimamishe kwanza. Mwakani aniletee mengine kabla upuliziaji haujaanza, ya mti mmoja tu, wa uani, yaliyoanikwa kivulini.

"Na haya niyatupe?"

Nikayabakiza. Yako kabatini, juu nimeandika: Julai, salfa.